Kanyama Kamoja

Tembo walikula mahindi ya mama yangu kule Kitswamba misimu miwili mfululizo, na mwaka wa tatu mimi nikaajiriwa kuwa karani wa watu wanaowalinda tembo. Mama hakunigombeza. Aliniangalia nikivaa viatu, akauliza, "Na huko utawaambia?" Nikamjibu nitawaambia. Sikuwaambia kitu. Nani angemsikiliza karani mpya akileta mashtaka dhidi ya tembo?

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa shaka. Sikuambukizwa na mtu, nadhani nilizaliwa nayo. Nikiuziwa maziwa naangalia kwanza kama kuna kisima karibu. Mtu akinisalimu kwa uchangamfu mno najiuliza anataka nini. Na katika mambo yote niliyoyatilia shaka maishani, hakuna lililonisumbua kama upendo wa watu kwa wanyama, kwa sababu sijawahi kuuona ukigawanywa sawasawa. Mtu anamlilia mbwa wake huku anafyonza mfupa wa kuku.

Hata kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Baba yangu alichinja mbuzi huku anapiga mluzi. Lakini pongo, yule swala mwekundu mwenye madoa meupe, alikuwa mwiko wa ukoo wetu. Hatukumla wala hatukumpiga, na ukimkuta anakula maharage yako ulitakiwa kukohoa kwa mbali ili aondoke na heshima yake. Baba alimwita ndugu. Nikiwa mdogo nilimuuliza kwa nini pongo awe ndugu na mbuzi asiwe, ilhali mbuzi ndiye tuliyelala naye nyumba moja. Alinijibu kwamba maswali ya namna hiyo huulizwa na watoto wasio na kazi, akanipa jembe. Chini kwenye tambarare za Busongora wafugaji waliwaita ng'ombe wao kwa majina na kuwatungia sifa. Wao walitucheka sisi wa mlimani kwa kumpisha pongo, nasi tuliwacheka wao kwa kumlilia ng'ombe kama vile amekufa shangazi. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Juu ya hao wote walikuwepo wanyama wa serikali. Nyati alimuua mjomba wangu kule Mubuku, asubuhi alipokwenda kufungulia maji ya mfereji yaingie kwenye mpunga wake. Walikuja askari wawili, wakapima nyayo, wakasema nyati alikuwa na haki ya kupita pale. Miezi michache baadaye jirani yetu alimchoma kiboko mkuki. Walikuja askari kumi na wawili. Tangu siku ile nilijua kwetu nani ni nani.

Baadaye, miaka ya sabini, utawala ulipobadilika, niliwaona wanajeshi wakiwamiminia risasi viboko wale wale na kupakia nyama kwenye malori mchana kweupe, na hakuna aliyekuja kupima nyayo. Basi sikushangaa. Uhai wa mnyama una bei anayoitaka mwenye bunduki. Lakini ninayosimulia hapa yalitokea kabla ya hapo, miaka ya sitini ikielekea mwisho, wakati sheria ya wanyama ilikuwa bado inaogopwa kuliko radi.

Kituo chetu kilikuwa Bwera, nyumba ya vyumba vitatu kando ya barabara inayoteremka hadi Mpondwe, kwenye mpaka wa Kongo. Chumba kimoja kilikuwa cha afande, kimoja changu na taipureta, na cha nyuma kilikuwa na mlango wa chuma, humo ndimo walimowekwa waliokamatwa. Afande alikuwa mtu wa kaskazini, aliyewahi kuwa jeshini, mwenye kifua kipana na sauti ya kuamrisha. Sauti hiyo ilibadilika ikawa laini mbele ya chochote chenye manyoya. Mbwa wake alilala kwenye kiti cha wageni, kwa hiyo wageni walisimama. Kila siku mchana alikula kuku mzima, na nilipomtazama akila nilijiuliza kuku wangefanya nini ili nao wapendwe. Dua la kuku halimpati mwewe, wala halimpati afande.

Afande hakujua Kikonzo, lugha yetu sisi wa mlimani, na hakutaka kisemwe mbele yake. Milimani kulikuwa na vurugu wakati ule, baadhi ya watu wetu wakidai kujitawala, na kila Mkonzo mwenye kazi ya serikali alipimwa kwa macho kuanzia asubuhi hadi jioni. Karani aliyenitangulia, Mkonzo mwenzangu, alifukuzwa kwa sababu alionekana dirishani akinong'ona na mwanamke kwa Kikonzo. Ilisemekana anapeleka habari milimani. Ikaja kujulikana kwamba alikuwa anaagiza maharage, lakini hakurudishwa. Mimi nikajiwekea sheria yangu: ndani ya kituo ni Kiswahili tu. Hata nikijikwaa kizingitini nilihakikisha nalalamika kwa Kiswahili.

Sheria hiyo ilikuwa na ugumu wake, kwa sababu nusu ya watu tuliowahoji walitoka ng'ambo ya mpaka, Beni na Butembo, na lugha yao na yetu ni moja. Wao huiita Kinande, sisi Kikonzo, na tunachekea vichekesho vile vile. Mimi nilikaa mbele yao nikiwahoji kwa Kiswahili cha vitabu nilichofundishwa na walimu wa misheni, nao wakanijibu kwa Kiswahili cha Kongo, tukihangaika kama watu wawili wanaopeana chumvi kwa kutumia fimbo.

Mmoja wao alikuwa mfanyabiashara wa Butembo, Mkatoliki mwenye rozari shingoni, aliyevuka na mkewe wakati wa vita vya kwao. Aliuza chumvi, sabuni na vitenge katika soko la Bwera. Alikuwa na kibali cha mkimbizi, karatasi moja aliyoifunga ndani ya nailoni na kuitembeza kifuani. Ng'ambo walibaki watu waliomuua kaka yake, nao walikuwa bado wanamtafuta yeye. Hilo alilisema waziwazi, hata kwa mteja aliyekuja kununua kipande cha sabuni. Na sisi kituoni tuliijua kanuni: mkimbizi akipatikana na nyama ya porini, kibali kinachukuliwa, yeye anakabidhiwa kwa wanajeshi wa mpakani wamrudishe alikotoka. Kwa mtu yule kurudishwa kulikuwa ni kupelekwa kwa wauaji wake.

Nilinunua sabuni kwake na nilimshuku vile vile. Alikuwa na tabia ya kutabasamu kabla hujamfikia.

Asubuhi moja jirani yake alikuja kituoni na maneno. Alisema mke wa yule Mkongo siku hizi anafunga mlango mchana, na kwamba hupita na kitu chini ya kitenge, na kwamba mbwa wa mtaa wanamfuata. "Lisemwalo lipo," nilimwambia afande, na nilijisikia mtu wa maana kwa kulisema. Askari wawili wakateremka sokoni, wakamleta yule mtu akiwa bado ameshika mizani yake mkononi.

"Wewe iko na nyama ya pori?" afande alimuuliza kwa Kiswahili chake cha kambini.

Yule mtu hakumtazama afande. Alinitazama mimi, akaanza kunieleza kwa lugha yetu, upesi upesi, akiniita mtoto wa mama yake. Kichwa cha afande kikainuka. Sikuhitaji kugeuka kujua kwamba ananitazama.

"Sema Kiswahili," nilimkatiza. "Afande asikie."

"Lakini, ndugu yangu, mu Kiswahili sijue jina ya..."

"Kiswahili!" nilimpigia kelele. Hata mbwa aliinua masikio.

Akamgeukia afande. "Nyama ya pori, hapana, afande. Niko na kanyama kamoja tu. Kadogo. Kako mu nyumba. Nilikafunga juu batu basikaone. Ni ka bibi yangu."

"Nasema nini huyu?" afande aliniuliza.

"Amekubali, afande," nikasema.

Hapa ndipo kosa langu lilipo, na nitalieleza polepole. Kasese na Bwera, mtu akiingia buchani akisema kanyama, anataka nusu kilo. Neno hilo tulilipata kwa Waganda, ambao kwao akanyama ni kipande cha nyama, tena kitamu. Na kufunga nyama, kwetu, ni kuifunga kwenye majani ya mgomba. Basi mtu ana kipande kimoja cha nyama, kidogo, amekifunga kisionekane, na ni cha mkewe. Masikioni mwangu hapakuwa na swali. Lakini kwa watu wa ng'ambo nyama ni kila kiumbe cha miguu minne, awe anatembea au amechinjwa. Kanyama ni mnyama mdogo. Kukafunga ni kumfunga kamba mguuni. Na haya nilikuwa nayajua. Nilikuwa nimewasikia sokoni kila siku wakimwita mbuzi nyama, wakimwita nyani nyama. Siku ile hayakunijia, kwa sababu nilikuwa nasikiliza jinsi afande anavyopumua.

Maelezo ya kituo yaliandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza hakikupi nafasi ya kukwepa. Kina neno la mnyama anayetembea na neno jingine la nyama iliyo sufuriani, na lazima uchague moja. Nilichagua la sufuriani. Niliandika kwamba mshukiwa amekiri kuwa na kipande cha nyama ya porini, alichokifunga na kukificha nyumbani kwa ajili ya mkewe. Kisha, kama taratibu zilivyotaka, nikamsomea maelezo yake kwa Kiswahili: ana nyama, ndogo, ameifunga, ameificha, ni ya mkewe, je ni kweli? Akasema ni kweli. Akaweka dole gumba, akanishukuru kwa kuandika vizuri.

Walimwingiza chumba cha nyuma. Mimi na askari wawili tukaenda kupekua nyumba yake, chumba kimoja cha udongo chenye picha ya Bikira Maria ukutani. Mke hakuwepo. Nyama haikuwepo. Kwenye kona kulikuwa na majani mabichi yaliyokanyagwa na kamba iliyokatwa kwa kisu. Nikasema hayo ni majani ya kufungia na hiyo ndiyo kamba yake. Askari mmoja akafunua sufuria, akakuta inang'aa.

"Saa nne asubuhi sufuria inang'aa hivi?" alisema. "Hawa wamekula, wamemaliza, wameosha."

Nikakubaliana naye. Kwa mtu wa shaka sufuria chafu ni ushahidi, na sufuria safi ni ushahidi mkubwa zaidi.

Mchana nilikwenda nyumbani kula. Mke wa yule mtu alikuwa amesimama nyuma ya jiko langu, mrefu, amejifunika kitenge hadi kidevuni. Aliongea kwa lugha yetu, kwa sauti ya chini. Aliomba niende nikaone kitu, si mbali, na nisimwambie mtu. Nilitazama barabarani pande zote mbili. Nilijiuliza huu ni mtego wa nani, wa afande kunijaribu, au wa Wakongo kunipaka tope. Nilimwambia aongee Kiswahili. Akaniambia, "Hapa ni jikoni kwako, ndugu yangu, si kituoni." Nikaona aibu, nikamfuata kwa hatua thelathini nyuma yake ili tusionekane tuko pamoja.

Alinipeleka kwenye stoo ya rafiki yake, mjane mmoja aliyekuwa na miti michache ya kahawa. Katikati ya magunia alisimama mtoto wa pongo. Alikuwa na madoa yake yote meupe mgongoni, miguu myembamba, pua imelowa maziwa. Alinitazama bila hofu yoyote, na mimi, kabla sijajua ninasema nini, nikamwamkia kwa Kikonzo na kumwita ndugu.

Halafu nikakaa chini juu ya gunia. Kanyama kamoja tu, kadogo. Kako mu nyumba. Nilikafunga. Mtu alikuwa amenieleza kila kitu, na alikuwa anataka hata kunitajia jina la mnyama kwa lugha ya mama yangu, nami nikampigia kelele anyamaze.

Mwanamke alinisimulia. Mumewe alimnunua mtoto yule kwa wakulima wa chini ya mlima ambao mbwa wao walimrarua mama yake. Shabaha ilikuwa wamnenepeshe, wamle Pasaka. Yeye akapewa kazi ya kumnywesha maziwa kwa chupa yenye kitambaa mdomoni. Wiki ya kwanza alikuwa kitoweo. Wiki ya pili alimpa jina, ambalo sitalitaja kwa sababu lilikuwa la mtakatifu na padri angekasirika. Pasaka ilipofika wakachinja mbuzi. Na asubuhi ile aliposikia mumewe amekamatwa alidhani wamemjia mnyama, akakata kamba, akakimbia naye.

"Na yule mbuzi?" nilimuuliza. "Yeye alikosa nini?"

Alimpangusa mnyama maziwa puani. "Mbuzi sikumnywesha," akasema. "Ningemnywesha, tungekula maharage."

Nimeuliza swali hilo kwa watu wengi, kuanzia baba yangu hadi mapadri, na hakuna aliyenipa jibu la kweli kuliko hilo. Sisi hatuwapimi wanyama. Tunajipima wenyewe, tulipotia mkono na ambapo hatukutia. Na mimi nisijitoe: mtoto yule angekuwa wa nguruwe mwitu, sidhani kama ningekaa kwenye gunia. Ningetazama saa na kurudi kazini.

"Utasema?" aliniuliza. "Utawaambia kwamba hakuna aliyekula kitu?"

Nikamwambia namna nzuri ni yeye mwenyewe amlete kituoni. Afande anapenda wanyama mno, nilisema. Akimwona huyu yuko hai, amenona, hana jeraha, kesi itakuwa imekwisha, na mumeo atatoka kwa mlango wa mbele. Alisema watamchukua mnyama. Nikasema ndiyo, watamchukua, lakini watakuachia mume. Alimsugua mtoto wa pongo nyuma ya masikio. Hakulia. Aliuliza, "Unaniapia?" Nikamwapia kwa jina la mama yangu.

Niliamini nilichomwambia. Lakini niseme kweli nzima: wakati narudi kituoni nilikuwa namfikiria pongo zaidi kuliko mtu aliyefungiwa chumba cha nyuma. Pongo alikuwa mdogo na hana mdomo wa kujitetea. Mtu alikuwa na mdomo. Nilijisemea hivyo, mimi niliyeuziba mdomo huo asubuhi ile ile.

Saa tisa mwanamke aliingia na mnyama mikononi, amemzungushia kitenge. Afande aliinuka. Alimfukuza mbwa wake kwenye kiti cha wageni, kitu ambacho sikuwahi kukiona, akamlaza mtoto wa pongo pale. Mwanamke akabaki amesimama. Afande alipiga magoti sakafuni na sare yake yote. "Maskini," alikuwa anasema kwa sauti ile laini. "Maskini, maskini." Akamtuma askari akatafute maziwa, akamwita arudi, akamwambia yawe ya uvuguvugu. Akapiga simu Kasese. Wakubwa wa huko wakasema mnyama aletwe leo leo, asilale Bwera kwenye baridi.

Nikangoja amalize. Kisha nikasema, "Afande, ile kanyama aliyosema yule mtu, ndiye huyu."

"Huyu? Hakula?"

"Hakula, afande. Hapakuwa na nyama yoyote."

"Mzuri," akasema, na akaendelea kumpapasa mnyama shingoni.

"Basi yule mtu, afande..."

Akageuza kichwa. Sauti ya kuamrisha ikarudi. "Karatasi yake nakwisha kwenda kwa jeshi saa nane. Wewe naandika. Wewe naandika uongo?"

Jibu lilikuwa la maneno matatu: afande, nilikosea neno. Askari mmoja kwa baiskeli angeiwahi karatasi ile kabla lori halijapanda kutoka mpakani. Lakini nililiona swali la pili likija nyuma ya la kwanza. Umejuaje kwamba ulikosea? Na hapo ningesema kwamba nilisimama nyuma ya jiko langu na mke wa mshukiwa, kwamba nilimfuata stoo, kwamba tuliongea kwa lugha yetu. Mkonzo na Mnande wakinong'ona, katika mwaka ule! Nilimtazama mwanamke. Alikuwa ananitazama kwa utulivu kabisa, kwa sababu nilimwapia.

"Si uongo, afande," nikasema. "Alisema hivyo."

Na kweli alisema hivyo. Hicho ndicho kinachonichoma hadi leo, kwamba hata wakati ule sikudanganya.

Afande akaniagiza kazi nyingine. Barabara ya Kasese ilikuwa na vizuizi, na askari wa vizuizini walikuwa wanashikilia kila kitu, kwa hiyo mtoto wa pongo alihitaji kibali cha njia. Nilikaa kwenye taipureta nikamwandikia. Jinsia yake, umri wa kukisia, rangi, anakotoka, anakokwenda, na chini kabisa: apitishwe bila kucheleweshwa wala kusumbuliwa. Nikagonga muhuri. Haikuchukua muda. Askari alimbeba akamweka kiti cha mbele cha Landrova, juu ya blanketi lililotoka kitandani kwa afande mwenyewe.

Lori la jeshi lilifika Landrova ikiwa bado haijaondoka. Walimtoa yule mtu chumba cha nyuma, wakampandisha nyuma ya lori kwenye mbao tupu. Kibali chake kilikuwa kimeshatolewa kifuani mwake. Alipoona mnyama kwenye gari alishtuka, akamtafuta mkewe kwa macho, akamuuliza kitu kwa lugha yetu. Askari hawakuelewa. Mimi nilielewa. Alimuuliza kama mtoto amekunywa. Mke akamjibu amekunywa. Magari yakaachana pale pale mbele ya kituo, moja likapanda kuelekea Kasese, moja likateremka Mpondwe.

Pongo yule alikua. Katika miaka ya sabini nilipita kwenye ofisi moja Kasese nikakuta picha yake ukutani, amesimama na pembe zake, kuna wageni wanamlisha majani. Chini ya picha waliandika kwamba aliokolewa na askari wa Bwera kutoka mikononi mwa jangili. Nikauliza jangili huyo alikuwa nani. Hakuna aliyejua. Na wakati ule, kwa jinsi bunduki zilivyokuwa zinalia porini, sikuuliza kama pongo mwenyewe bado yu hai.

Siku ile, magari yalipokwisha kuondoka, mwanamke alibaki barazani. Afande alikuwa ameingia ndani kunywa chai. Mimi nilikuwa napanga karatasi ambazo zilikuwa tayari zimepangika. Alisogea dirishani. Sasa hakuongea nami kwa lugha yetu. Aliongea kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida ambayo kila mtu angeisikia, kama nilivyowahi kumtaka.

"Karani," akasema. "Kanyama mulikaandikia karatasi ya njia. Mimi niliona, haikukawia. Juu ya nini bwana yangu hamukumuandikia?"

Taipureta ilikuwa mbele yangu na muhuri ulikuwa bado umelowa wino. Niliusogeza pembeni, nikasema.

"Mama, ofisi hii ni ya wanyama."

Alinitazama kuona kama natania. Kisha akakaza kitenge kiunoni, akateremka barazani, akashika barabara ya Mpondwe kwa miguu kulifuata lori.